Barua ya wazi kwa Baraza la Magavana: zabuni ya ambulensi hununua nini?

Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Baraza la Magavana, Nairobi.

Waheshimiwa,

Mwishoni mwa 2013, miezi michache baada ya serikali za kaunti kuanza kazi, Gavana wa Machakos wa wakati huo, Alfred Mutua, alizindua ambulensi 70 kwa mpigo. Machakos ina wadi 40. Tangu hapo, kiongozi anayetaka wapiga kura waione afya iliyogatuliwa kwa macho yao hununua ambulensi. Gari lina rangi, lina king'ora, lina nafasi ya kuandikwa jina la kaunti ubavuni. Mhudumu anayejua kuzuia damu isiendelee kumtoka majeruhi hapigwi picha.

Mamlaka ya kununua kaunti inayo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja huduma za ambulensi waziwazi kuwa kazi ya kaunti, na Kifungu cha 43 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Barua hii haibishanii hilo. Inauliza kamati ya zabuni huwa inatafuta nini ndani ya bahasha inazozifungua.

Kaunti zimejaribu njia mbili. Baadhi zilinunua magari yao wenyewe. Nyingine zilikodi, hasa kutoka E-Plus, kampuni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya iliyoanza 2010, ambayo huja na gari pamoja na wafanyakazi wake. Ubishi kati ya pande hizi mbili umekuwa wa bei tu. Wanaopinga kukodi hujumlisha kodi ya miaka kadhaa na kusema pesa hizo zingenunua gari jipya, tena likabaki mali ya kaunti. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila imeishia njiani.

Wiki ina saa 168. Mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki hajazi hata robo ya saa hizo. Kiti kimoja ndani ya ambulensi, kikitakiwa kisikae kitupu usiku wala sikukuu, kinahitaji watu wanne na zaidi. Ongeza likizo na magonjwa, wanakuwa watano. Gari lina viti viwili vya kazi, cha dereva na cha mhudumu. Kwa hiyo gari moja ni ajira za watu tisa au kumi, mbali na mafuta, matairi, oksijeni na mtu wa kupokea simu. Mwenye kuzindua magari 70 amejitwisha, atake asitake, mishahara ya watu kama 600 au 700, la sivyo sehemu ya magari hayo italala. Wananchi wameona ambulensi zilizolala: ziko nyuma ya hospitali, juu ya mawe, nyasi zimefika usawa wa milango.

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 haikuwafunga mikono wanaotaka kufanya vizuri zaidi. Kifungu cha 86 kinaruhusu njia ambayo mshindi ni mwenye bei ya chini kabisa baada ya tathmini, kama inavyofanywa kwa madawati na saruji. Lakini kinaruhusu pia, pale kaunti inapoomba mapendekezo, kuunganisha alama za ufundi na alama za bei. Tatizo ni mazoea. Ambulensi ikiingizwa katika fungu la magari, itapimwa kama gari: ukubwa wa injini, mwaka wa kutengenezwa, siku za kuleta. Dakika ngapi zitapita toka simu ipigwe Kathiani, huko Machakos, mpaka mlango wa gari ufunguliwe mbele ya mgonjwa? Hilo halina mahali pa kuandikwa kwenye fomu.

Hata nchi zenye uzoefu na pesa zimeumia hapa. Nchini Denmark, ambako ambulensi ni jukumu la serikali za mikoa, mkoa wa Syddanmark wenye watu zaidi ya milioni 1.2 ulitangaza zabuni, na mwaka 2014 kampuni ya Kiholanzi ya BIOS ikaishinda Falck, kampuni ya nyumbani iliyokuwa imeizoea kazi hiyo kwa miaka mingi. BIOS ilianza Septemba 2015. Wahudumu wengi wa Falck hawakuhamia kwake, na gari bila mhudumu ni gari tu. Kufikia katikati ya 2016 BIOS ilikuwa imefilisika, na mkoa ukalazimika kuendesha ambulensi wenyewe. Mwaka 2019 Baraza la Ushindani la Denmark liliamua kwamba Falck ilitumia vibaya nguvu zake sokoni kwa kuchochea wafanyakazi wasijiunge na mpinzani wake. Kwa hiyo lawama haikuwa ya mmoja. Kwa kamati ya zabuni ya Kenya, somo limo katika swali dogo ambalo kila mzabuni angepaswa kulijibu kwa majina na vyeti: watu wako wako wapi?

Jirani pia wana la kufundisha. Tanzania ina mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mjamzito, mama aliyejifungua au kituo cha afya hupiga 115 bila malipo. Ambulensi isipopatikana, kituo cha simu humtafuta dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa mapema, na dereva hulipwa kwa M-Pesa baada ya kumfikisha mgonjwa. Hauwahudumii wote, aliyeanguka na bodaboda hayumo. Lakini utazameni utaratibu wa malipo: pesa inafuata mgonjwa aliyefika. Gari lililoegeshwa halilipwi.

Kufika nako hakumalizi kazi. Oktoba 2015, jijini Nairobi, kijana aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akizungushwa hospitali moja baada ya nyingine, kitanda cha wagonjwa mahututi kikikosekana. Hatimaye alipokelewa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na akafariki dunia. Gari lilikuwepo. Wahudumu walikuwepo, na walibaki naye saa zote hizo. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye simu na orodha ya vitanda, mwenye uwezo wa kuiambia hospitali kwamba mgonjwa anakuja. Mkataba wa ambulensi usiomtaja mtu huyo umenunua safari isiyo na mwisho.

Sera ya Huduma za Dharura za Matibabu ya 2020–2030 ipo tayari, wala hakuna haja ya kuunda jopo jipya. Baraza linaweza kuandika hati moja ya zabuni ambayo kaunti zote 47 zitaitumia, mzabuni awe kampuni, shirika au idara ya kaunti yenyewe: idadi ya wahudumu kwa kila gari na zamu zao, dakika za kufika mjini na mashambani, faini ya kuchelewa, na malipo yanayopungua gari linapolala. Turkana haiwezi kupewa dakika za Nairobi, na hati iseme hivyo bila aibu.

Halafu mkataba ukishatiwa saini, ubandikwe kwenye ubao wa kila hospitali ya kaunti, kwa Kiswahili, pamoja na nambari ya simu ya kupiga. Na kila mwezi, chini yake, ziandikwe dakika ambazo mgonjwa wa kaunti hiyo alisubiri kweli.