Linki imetumwa, mteja amenunua, kamisheni haijaja

Mbalamwezi ikikolea, uvuvi wa dagaa Mugango hupungua, kwa sababu taa za wavuvi hazivuti kitu ziwa likiwa jeupe kwa mwanga. Siku hizo fedha ya nyumbani hupungua, na mzazi mwenye simu janja huanza kutafuta cha kuongezea. Njia mojawapo ni kuuza kwa linki: unatuma linki ya bidhaa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi au la kikoba, na mtu akinunua kupitia linki hiyo, duka la mtandaoni linakulipa kamisheni.

Lawama huanza pale dada wa Musoma mjini anaposema, "Nimeshanunua kile ulichonitumia," huku akaunti ya aliyetuma ikisoma sifuri. Wengi hukimbilia kusema wameibiwa. Mara nyingi hakuna aliyeiba.

Linki hiyo ina namba ya mtumaji ndani yake. Dada akiibonyeza, tovuti ya duka huandika faili dogo kwenye kivinjari chake, yaani programu kama Chrome anayofungulia kurasa za intaneti. Faili hilo huitwa kidakuzi, na wengine husema kuki. Lilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, ili tovuti iweze kumkumbuka mtu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Siku dada anaponunua, duka husoma kidakuzi na kujua nani amemleta. Kikifutwa kabla ya hapo, kwa duka lenye kutegemea kidakuzi peke yake, dada ni mteja aliyejileta mwenyewe.

Nani hukifuta? Pengine dada mwenyewe, simu ilipomwandikia kwamba nafasi imejaa. Hapa watu hujisumbua bure, maana kidakuzi kimoja huwa hakizidi takriban kilobaiti 4, na ukifuta mia tano hujapata nafasi ya video moja ya harusi. Kinachojaza simu ni picha na video za makundi ya WhatsApp. Anayetaka kupunguza mzigo wa Chrome anaweza kufuta picha na faili zilizowekwa kwenye akiba na kuacha sehemu ya vidakuzi bila alama ya tiki.

Lakini ipo sababu nyingine ya kufuta, na hiyo ni ya haki kabisa. Familia nyingi zina simu moja. Mama aliyesoma usiku kuhusu ujauzito au dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hataki kijana wa darasa la saba, akichukua simu hiyo asubuhi, akutane na historia hiyo au matangazo yanayofuata nyayo zake. Afute, historia na vidakuzi pia, au afungue dirisha fiche, ambalo hutupa vidakuzi linapofungwa. Siri ya afya ya mtu ina uzito kuliko kamisheni ya jirani, kwa hiyo kumwambia ndugu asifute kamwe si ushauri mzuri.

Tena kufuta si chanzo pekee. Safari ya iPhone huzuia vidakuzi vya tovuti za pembeni tangu 2020. Linki iliyobonyezwa ndani ya Facebook hufunguka kwenye kivinjari cha Facebook chenyewe, na dada akienda kununua kupitia Chrome, kidakuzi kimebaki kule. Hali ni hiyohiyo akibonyeza kwenye simu yake kisha akanunua kwa simu ya mume. Na muda nao unahesabiwa: Amazon, iliyoanza mpango wake wa kamisheni mwaka 1996, kwa kawaida hutoa saa 24 tu tangu linki ibonyezwe. Mtu anayesubiri mshahara wa mwisho wa mwezi hayumo. Kama kwenye linki yako aliongeza ya mtu mwingine, maduka mengi humlipa wa mwisho kubonyezwa.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kujaribu kazi hii aulize kwanza kama duka linatoa kuponi yenye jina lake. Mteja huiandika kuponi wakati wa kulipa, na haijali vidakuzi vimefutwa au la, wala kama simu ni ya nani. Mpango unaodai ada ya kujiunga kwanza uachwe. Huko fedha hupotea hata vidakuzi vikiwa salama.

Pasipo kuponi, linki isitumwe kwa mtu anayeulizia tu bei. Atumiwe picha na maelezo kwanza, kisha siku akisema fedha ipo mkononi, ndipo apewe linki, aifungue kwenye simu atakayolipia na amalize palepale.