Ukikunja karatasi ya faini, nani analipa?

Naanza na aibu yangu mwenyewe ili nisije nikaonekana nahubiri.

Mwezi wa tano niliazima Vitz ya mjomba wangu kwenda Vidunda kumwona bibi. Wasioijua Vidunda, ukitoka Dar unapita Morogoro, unakatiza hifadhi ya Mikumi, ukifika Mikumi mjini unakunja kushoto kuelekea Kidatu. Kidodi ndipo unapoacha gari la watu na kutafuta pikipiki ya kukupandisha mlimani. Sasa mimi sikufika hata hifadhini salama. Kwenye kijiji kimoja cha barabarani, penye kibao cha 50, nilipita na 68. Mbele kidogo nikapigwa mkono. Trafiki alikuwa na picha yangu kwenye simu, namba ya gari inasomeka vizuri kabisa. Akaomba leseni, akaandika, mashine ikatema karatasi: shilingi 30,000, kumbukumbu namba hii hapa, kalipe. Hakunitukana wala hakuniomba chochote.

Nikaikunja ile karatasi, nikaiweka kwenye droo ya gari. Nikajiambia nitalipa mshahara ukitoka. Mshahara ukatoka, ukaisha. Gari nikalirudisha likiwa limeoshwa na mafuta nusu tenki, nikajiona muungwana.

Miezi miwili baadaye mjomba alikuwa anampeleka mkewe hospitali Morogoro. Akasimamishwa. Leseni safi, bima safi, mkanda kafunga. Trafiki akaingiza namba ya gari kwenye mashine, akatikisa kichwa. "Mzee, gari hili linadaiwa. 37,500." Mjomba akabisha, maana mwezi wa tano alikuwa kitandani anaumwa. Mashine haijui nani alikuwa kitandani. Inajua namba ya gari. Mkewe amejiegemeza kwenye kioo, jua linawaka, na mzee wa watu anahangaika kumpigia simu mtu huyu na yule amrushie hela, kwa sababu alikuwa na za dawa tu. Alilipa. Jioni akanipigia. "Mpwa wangu, kumbe ulipita na tochi?" Basi. Hakusema zaidi ya hapo, na ningependa angesema.

Sasa hoja yangu ni hii: kutojibu faini kwa wakati tumekugeuza ujanja, wakati ni kumtwisha mtu mwingine mzigo. Na serikali, kwa jinsi ilivyoupanga mfumo wake, inatusaidia kuutwisha.

Tuanze na sisi. Msomi wa mjini akiandikiwa faini utasikia "achana nayo, itajifuta." Itajifuta vipi? Zamani za vitabu vya karatasi labda kitabu kingepotea, kingeliwa na mchwa. Siku hizi deni linakaa kwenye mfumo wa kompyuta, na ukichelewa linaongezeka robo. Ile 30,000 yangu ilizaa 7,500 ikiwa imelala kwenye droo. Makosa matatu ya 30,000 yakicheleweshwa yanakuwa 112,500. Kwa hela hiyo kuna mwenzako mtaani anayelipa kodi ya chumba.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii. Mtu mwenye deni barabarani ni mtaji wa mla rushwa. Una mgonjwa ndani, au unawahi mazishi, ukisikia gari linadaiwa utatoa chochote ili upite. Unatoa, unapita. Deni liko palepale, linakusubiri kilomita hamsini mbele kwa trafiki mwingine. Umelipa njia, hujalipa faini.

Lakini msomaji wangu, nisiwaonee wananchi peke yao.

Kidodi nilipandishwa mlimani na kijana mmoja wa huko huko Vidunda. Anaendesha pikipiki ya mkataba: kila siku anampelekea tajiri hesabu, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Ndiyo ndoto yake yote, sina haja ya kuipamba. Alinisimulia kwamba aliwahi kupakia mishikaki, abiria wawili, hakuna mwenye kofia ngumu. Akaandikiwa makosa mawili. Kwa wenye pikipiki na bajaji afadhali, maana bajeti ya mwaka 2021 ilishusha faini yao kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Lakini 20,000 ilikuwa hesabu yake ya siku mbili. Akakaa kimya. Akaandikwa tena mara mbili, kimya. Makosa manne, 40,000, na nyongeza yake ikawa 50,000. Tajiri alijua siku pikipiki ilipokamatwa mikononi mwa kijana mwingine aliyepewa kwa deiwaka. Mkataba nusura uvunjwe ukiwa umebaki miezi minne. Aliuokoa kwa kuuza mbuzi wa mama yake.

Nikamuuliza: kosa moja kati ya hayo unasema hukulitenda, kwa nini hukukataa? Akacheka. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haisemi kila anayeandikiwa ana hatia. Ukikiri unalipa, ukikataa unapelekwa mahakamani ukasikilizwe. Vizuri sana kwenye karatasi. Sasa fanya hesabu ya mtu wa Vidunda: ashuke mlima, afike Kidodi, aende Mikumi, labda mpaka Kilosa mjini yaliko makao ya wilaya, alale, apoteze siku mbili za kazi, ili abishane juu ya shilingi 10,000. Haki ambayo kuidai kunagharimu kuliko kuiacha, hiyo ni haki gani? Kwa hiyo ananyamaza, na mfumo unahesabu ukimya wake kuwa ni deni.

Usidhani haya ni ya Bongo tu. Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu mji wa Ferguson, jimbo la Missouri. Humo yumo mwanamke mmoja aliyeegesha gari vibaya mwaka 2007, akapigwa faini ya dola 151. Alikuwa hana kitu, akakosa tarehe za mahakama na za malipo. Kila alipokosa, deni likaongezwa. Alikamatwa mara mbili, akalala mahabusu siku sita. Mpaka Desemba 2014 alikuwa amelipa dola 550 na bado anadaiwa 541. Kwa kuegesha gari! Huko ndiko faini inakofika pale mtoza anapoacha kuuliza kwa nini mtu kanyamaza.

Sisi hatujafika huko, na nisingependa tufike. Kwa hiyo nasema mambo matatu.

Kwanza, deni la dereva limfuate dereva. Trafiki aliishika leseni yangu kwa mkono wake, jina langu akalisoma. Iweje wa kwanza kubanwa awe mzee aliyekuwa kitandani? Pili, mwenye chombo ajulishwe. Mjomba hakupata hata ujumbe mmoja wa simu. Kampuni za simu zinatutumia matangazo usiku wa manane, serikali ishindwe kumwambia mtu kwamba gari lake limeandikiwa faini? Tatu, anayekataa kosa asikilizwe karibu na alipo na kwa haraka, siyo kwa nauli inayozidi faini.

Utaniambia mwenye gari naye awe anakagua namba yake kwenye mfumo, maana inawezekana kwa simu. Sawa, na akague. Unaponunua gari mkononi mwa mtu, kabla hujatoa hela, kagua. Lakini hilo haliondoi wajibu wa aliyekunja karatasi.

Na wewe uliyeazima gari, wewe deiwaka, wewe mtumishi unayeendesha la ofisi: ukiandikiwa, jibu. Kama umekosa, lipa kabla nyongeza haijaingia. Kama hujakosa, sema hapo hapo kwamba unakataa. Ila usinyamaze, na usirudishe ufunguo bila kusema.

Mjomba nimeshamrudishia 37,500 yake. Aliipokea. Mwezi uliopita nilimwomba tena gari niende kwa bibi. Akaniambia basi za Ifakara zinapita Kidodi kila siku.

Naomba kutoa hoja.