KABLA YA KULAUMU WAFANYAKAZI



Twasikia mara nyingi kwamba wafanyakazi wetu ni wavivu. Kabla ya kuwahukumu, yafaa tuukumbuke Mgodi wa Makaa ya Mawe wa Kiwira, ulio mpakani mwa Kyela, Rungwe na Ileje. Ulijengwa kwa msaada wa China, ukaanza kazi mwaka 1988. Mwaka 2005 uliingia mikononi mwa kampuni binafsi. Katika miaka iliyofuata, wachimbaji walikaa miezi mingi bila mishahara, na uzalishaji ukasimama. Baadaye Serikali iliurejesha chini ya STAMICO.

Je, uvivu ndio uliouzima mgodi ule? La hasha. Makaa yalikuwamo ardhini na ujuzi ulikuwamo mikononi mwa watu. Mtaji ulipungua, na pamoja nao ikapungua imani ya wafanyakazi kwa wakubwa wao.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuwaonya viongozi dhidi ya majivuno na ubwana. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri alipe ujira siku unapostahili.

Basi, kila mwenye madaraka, awe shuleni, zahanatini, bandarini Itungi au katika chama cha wakulima wa kakao, ajiulize: Nimelipa kwa wakati? Nimesikiliza malalamiko? Nimempongeza aliyetenda vema? Asiyeweza kujibu ndiyo hana haki ya kudai bidii ya wengine.