Kompyuta Moja, Wenyewe Wawili

Kila mwezi nasoma ugomvi wa kwenu, leo soma wa kwangu.

Nyumbani tuna kompyuta moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na hii yetu ni ya zamani, haina TPM 2.0, kile kichipu cha usalama ambacho Windows 11 inakidai. Nikasema tuhamie Ubuntu, ni ya bure, tena ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe maana yake utu! Baba Neema akakataa katakata. Hesabu za duka lake zimo kwenye programu inayokubali Windows tu.

“Mama Neema, unataka nirudi kwenye daftari?”

Tukanuniana siku mbili. Kisa kompyuta, jamani.

Suluhisho ni kuweka mifumo yote miwili, kila unapowasha unachagua. Jumamosi usiku nikaanza. Kwanza nikanakili kila kitu kwenye diski ya nje: hesabu, picha za harusi, video ya Neema akianza kutembea. Hapa usifanye uvivu hata kidogo. Halafu ndani ya Windows nikapunguza eneo lake kwenye diski, zikabaki GB 60 wazi, nikazima na ile ‘Fast Startup’, kwa sababu ikiwa imewashwa Windows huwa haizimiki sawasawa, inasinzia tu huku imeshikilia mafaili yake. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, tafuta kwanza ufunguo wake wa akiba.

Nikachomeka flashi yenye Ubuntu, nikaiwasha kompyuta kupitia hiyo flashi. Ikafika ile skrini inayotisha: niweke Ubuntu pembeni ya Windows, au nifute diski nzima? Machaguo mawili yanapakana, kosea moja na duka limekwenda. Baba Neema, aliyesema hataki hata kuona, alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasoma kwa sauti, mara mbili. Nikabonyeza ‘pembeni’.

Asubuhi makelele! Saa nne, yeye akiingia Windows inamwambia ni saa moja. “Umeshaniharibia!” Wala. Ubuntu huiweka saa ya ndani ya mashine kwa saa za dunia, UTC, wakati Windows inaichukulia kuwa ni saa ya hapa kwetu, ndiyo maana zinapotea saa tatu kamili. Nikarudi Ubuntu, nikaandika amri ya mstari mmoja, timedatectl set-local-rtc 1, kisha tukarekebisha saa ya Windows. Kwisha.

Tumekubaliana mambo ya benki na barua pepe yafanyike Ubuntu, maana ile Windows 10 bado haina ulinzi mpya, kuishi na jirani hakujaiponya. Kule ni duka tu.

Likabaki moja. Usipochagua kitu, baada ya sekunde 10 inafunguka Ubuntu. Baba Neema akienda kuchukua chai, akirudi anakuta skrini yangu, ananung’unika. Juzi usiku nimeipanga upya, sasa Windows ndiyo inayofunguka yenyewe. Hajasema kitu, ila chai anakunywa ya moto.