Aiptasia hakwanguliwi kwa kisu

Leo tutoke shambani kidogo. Kuna jamaa hapa mjini anafuga samaki wa maji chumvi sebuleni. Aliniita kwa sababu mawe ya tangi yalikuwa yameota anemoni wadogo wa kahawia, wanaitwa aiptasia, na walikuwa wanachoma matumbawe yake. Nikamwambia chukua kisu, kwangua. Baada ya wiki chache wakawa wengi kuliko mwanzo.

Kosa ni langu, na nilipaswa kujua. Ni ndago ile ile! Ukiipiga jembe unatawanya viazi vyake, vinachipua upya. Aiptasia naye, kipande kidogo cha mguu kikibaki kwenye jiwe kinakuwa mnyama mzima.

Sasa nasema hivi: weka kisu chini. Vaa glavu, zima pampu, koroga kalsiamu haidroksidi safi (sio chokaa ya kupaka ukuta) na maji kidogo iwe kama uji mzito, halafu kwa bomba la sindano umfunike mdomo taratibu kabla hajajikunja. Wachache tu kwa siku, maana ukizidisha pH inapanda na samaki watakufa.

Wengine watakwambia nunua samaki kipepeo awale. Sawa, ila wengi wao wanadonoa na matumbawe, umenunua shida nyingine.

Na punguza chakula jamani, mabaki yanawanenepesha. Yule jamaa alikuwa analisha mara nne kwa siku! Jiwe lililoshindikana litoe, likaushe juani kabisa. Usilitupe baharini.