Panya Shamba Hajui Mpaka



Mwezi huu tuzungumze juu ya mgeni asiyepiga hodi.

Mama amepanda mahindi Jumatatu. Wiki ifuatayo anakwenda kutazama kama yameota, anakuta vishimo vitupu; mbegu imefukuliwa na kuliwa. Hapa kwetu Bugarama, ambako waume wengi hushinda machimboni, hasara hiyo humwangukia mama. Yeye ndiye atakayetafuta mbegu nyingine, na yeye ndiye atakayeulizwa unga ukipungua.

Mwizi ni panya shamba. Tumfahamu. Ni mdogo, uzito wake kama gramu 50. Hutembea usiku, na mchana hujificha katika mashimo na nyufa za udongo. Jike ana chuchu nyingi, mara nyingi kati ya 16 na 24, na ana kazi nazo: mimba yake huchukua siku 23 tu, na kwa wastani huzaa watoto 11 kwa mara moja. Huzaliwa bila manyoya, macho yamefumba. Baada ya wiki tatu hivi wameacha kunyonya, na huenda mama yao amekwisha kushika mimba nyingine.

Hata hivyo hazai mwaka mzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemfuatilia kwa miaka mingi, wakaona kuwa uzazi wake hufuata mvua. Mvua ikikolea, nyasi changa na mbegu zikawa tele, ndipo huanza kuzaa. Idadi hupanda mpaka wakati wa mavuno na baada yake, nasi tunawasikia wakitafuna magunia. Kisha kiangazi huwapunguza. Wengi hawafikishi mwaka mmoja. Wale wachache wanaobaki ndio wanaongojea mbegu zetu. Basi wakati mzuri wa kuwatega ni kabla ya kupanda, wakiwa wachache, wala si pale wanapokuwa wamejaa nyumba nzima.

Tena ana tabia moja ya kuzingatia. Hapiganii eneo lake kama wanyama wengine. Huishi karibu karibu na wenzake, njia zao zikipishana bila ugomvi mkubwa. Kwa hiyo ukiwaua wote wa shambani kwako leo, baada ya siku chache wale wa jirani wamehamia. Mama anayetega peke yake huchoka bure.

Tufanye nini? Kwanza, tukubaliane na majirani: tufyeke vichaka vya mipakani na kando ya nyumba, tutege siku zile zile, na tupande wiki moja, ili shamba moja lisibebe njaa ya panya wa kijiji kizima. Pili, tuvune kwa wakati, tusiache masuke na mahindi shambani. Tatu, kihenge kiwe juu ya nguzo, na kila nguzo ivishwe bati ili panya ateleze. Nne, tusimfukuze bundi kwa imani za uchawi; usiku kucha yeye anatuwindia panya.

Juu ya sumu tuwe waangalifu sana. Sumu iliyochanganywa na unga na kuwekwa chini ya kitanda haimchagui panya. Mtoto anayetambaa huiokota vilevile. Tumwulize kwanza bwana shamba, na tusiitie kamwe katika chombo cha chakula. Panya aliyekufa tusimshike kwa mkono mtupu, tumfukie. Chakula na maji ya kunywa tuvifunike, maana mkojo wa panya waweza kuleta magonjwa. Mojawapo ni homa ya mgunda, ile iliyoua watu mkoani Lindi mwaka 2022.

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo, kwa sababu kila mmoja humtegea mwenzake. Akina mama wa Bugarama, tusiwe kama hao. Jumapili baada ya ibada, kabla hatujatawanyika, tupange siku moja ya kufyeka na kutega, na tumkumbuke pia yule mjane ambaye hana wa kumsaidia. Shamba lake likisafishwa, letu nalo limelindwa.

Mungu azibariki mbegu zenu.