Mtoto Asomaye Nyumbani Asifanywe Mgeni Kwao

Wapo wazazi, Tanzania na Kenya, ambao watoto wao wa sekondari husomea nyumbani. Wengine wanahamahama kwa ajili ya kazi, wengine wana mtoto mgonjwa, wengine hawakuridhika na shule zilizo karibu nao. Leo hatuandiki ili kuwasifu wala kuwalaumu. Twauliza jambo moja tu: watawapa watoto hao vitabu gani vya Historia na Jiografia?

Hesabu ni hesabu, iwe Dodoma au London. Lakini Historia na Jiografia humwambia mtoto yeye ni nani na amesimama wapi duniani. Mtoto wa shule akipewa kitabu kibovu, huenda mwalimu akakisahihisha, au mwenzake akabisha. Asomaye nyumbani hana wa kubishana naye. Kitabu ndicho mwalimu wake, na neno la kitabu ndilo la mwisho.

Wazee wetu walikaririshwa wafalme wa Uingereza, na safari za Wazungu walioambiwa kuwa ndio "waliogundua" maziwa ambayo babu zetu walikuwa wakivua samaki tangu kale. Kasumba ile ililetwa na serikali ya kikoloni, nasi hatukuwa na uchaguzi. Tanganyika ilijitawala mwaka 1961, na Kenya mwaka 1963. Itakuwa aibu kubwa ikiwa leo tutainunua kasumba ile ile kwa fedha zetu wenyewe, kwa sababu tu imechapwa kwa rangi nzuri.

Basi mzazi aanze na mtihani. Mtoto atakayefanya mtihani wa kidato cha nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania, kama mtahiniwa wa kujitegemea, hana budi kufuata mtaala wa nchi. Masharti yaulizwe mapema, pamoja na habari za Mtihani wa Maarifa, kabla ya kununua hata kitabu kimoja.

Atakayefanya mtihani wa Cambridge atakutana na Mkataba wa Versailles wa 1919, Shirikisho la Mataifa na Vita Baridi. Wako wasemao kuwa hayo ni mambo ya Ulaya, hayatuhusu. La hasha! Mkataba ule ndio ulioinyang'anya Ujerumani makoloni yake. Tanganyika ikatiwa mikononi mwa Mwingereza, Rwanda na Burundi mikononi mwa Mbelgiji, kwa jina la Shirikisho la Mataifa, na wenyeji hawakuulizwa. Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ile. Naye jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya. Mtoto akifundishwa hayo pamoja, hatapungukiwa na kitu mtihanini, na atajua kuwa historia ya dunia ilipita mlangoni kwao.

Kabla ya kulipa fedha, mzazi apime mambo matatu.

Kwanza, afungue sura ya Afrika atazame yaanza lini. Ikiwa yaanza na biashara ya watumwa au na Livingstone, akirudishe kitabu hicho. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe karne nyingi kabla ya Wareno kuivamia mwaka 1505. Ibn Battuta aliufikia mji ule mwaka 1331 akausifu, na sarafu za Kilwa ziliokotwa hata katika kisiwa cha Australia mwaka 1944.

Pili, atazame ramani. Ramani ya Mercator ya mwaka 1569 ilichorwa kwa ajili ya mabaharia. Humo Greenland yaonekana kama sawa na Afrika, hali Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Ilimfaa nahodha, lakini haimfai mtoto anayelinganisha ukubwa wa nchi. Huyo atafutiwe ramani inayoonyesha maeneo kwa uwiano wake wa kweli.

Tatu, aulize ni nani asemaye. Kitabu kikiita vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 kuwa ni ghasia tu, kisitaje kodi, wala pamba ya kulazimishwa, wala njaa iliyoua watu baada ya majeshi ya Wajerumani kuteketeza vyakula, kitabu hicho kina upande. Kisichomwe. Mtoto apewe na kingine, kisha aulizwe kwa nini vyatofautiana. Akiweza kujibu, ameanza kuelimika.

Wala vitabu si haba. Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, kazi iliyoanza mwaka 1964, ina juzuu 8 za awali, na juzuu ya 8 ilihaririwa na Ali Mazrui wa Mombasa. Juzuu hizo husomwa bure katika intaneti. Na Jiografia haihitaji fedha nyingi: kopo la kupimia mvua, daftari la miezi 12, na ramani ya kijiji iliyopimwa kwa hatua za mtoto mwenyewe.

Hatusemi mtoto afungiwe habari za kwao tu. Na asome India, China na Marekani. Twataka aanzie kwao, kisha aende mbali kadiri awezavyo, maana mwacha asili ni mtumwa.

Makatibu wa matawi, neno hili ni lenu pia. Waulizeni wanachama ni nani anayemfundisha mtoto nyumbani. Wekeni ofisini ramani moja nzuri na rafu moja ya vitabu. Waombeni walimu wastaafu Jumamosi moja kwa mwezi, watoto hao wakutane, wabishane na wasahihishane. Kazi hiyo haihitaji kungoja amri kutoka makao makuu.